Shukrani Ina Mwenyewe

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wetu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa safarini, waliokuwa kazini, na wale walioahidi kuja wasionekane.

Wazee wangu, akina mama, akina baba, vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Nawaona mmekaa bega kwa bega, watoto wamepakatwa, na yule bwana wa safu ya tatu amekwisha kukohoa mara mbili bila mtu kugeuka kumtazama. Nimefurahi sana. Kuna miezi ambayo kikao kama hiki kingekuwa kosa la kisheria katika nchi nyingi, na kikohozi kimoja tu kingetosha kuhamisha safu nzima.

Nimeombwa niseme juu ya shukrani. Mada tamu, lakini ina hatari yake, kwa sababu kila mtu anaikubali kabla hujafungua mdomo. Nani atasimama hapa aseme shukrani ni mbaya? Kwa hiyo nimeona niichukue kutoka mahali ambapo karibu sote tulikuwepo: miezi ile ya mwanzo ya korona. Watoto ambao hamkuwa mmezaliwa, vumilieni kidogo, wazazi watawaeleza mkifika nyumbani.

Mnakumbuka ilivyokuwa?

Tarehe 11 Machi 2020, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba ugonjwa huu sasa ni janga la dunia nzima. Baada ya hapo mambo yalikimbia. Shule zikafungwa hivi kwamba, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walijikuta nje ya madarasa. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikaahirishwa mwaka mzima. Tarehe 27 Machi Papa Fransisko alisimama kusali mbele ya uwanja wa Mtakatifu Petro ulio mtupu, mvua inanyesha. Hija ya mwaka ule ikafanywa na watu wachache tu ambao tayari walikuwa ndani ya Saudia. Misiba ikawekewa idadi ya waombolezaji, na mtoto akamzika mzazi wake kwa kutazama simu.

Na nyumbani? Nyumbani siku zilipoteza majina. Jumanne ilifanana na Jumapili. Tuliosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Mtu akiamka asubuhi, kabla ya kumsalimu mwenzake ananusa kipande cha sabuni kuhakikisha pua bado inafanya kazi, maana tuliambiwa kupoteza harufu ni dalili. Hebu fikirini: binadamu mzima, na akili zake, anafurahia harufu ya sabuni ya kufulia kana kwamba ameletewa marashi!

Tulisema dunia imesimama. Kila mtu alisema hivyo. Nami nataka niwaulize leo: ilisimama kweli? Ilisimama kwa nani?

Wataalamu wa matetemeko ya ardhi wana mitambo inayosikia ardhi ikitikisika. Mitambo hiyo haisikii matetemeko peke yake. Inatusikia na sisi: magari, treni, viwanda, hata nyayo zetu. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya vipimo kutoka nchi zaidi ya 100, wakakuta kwamba mtikisiko unaotokana na shughuli za binadamu ulipungua kwa kiwango kilichofikia asilimia 50. Gazeti likiandika habari hiyo, litasema: ardhi ilinyamaza. Na ni kweli, ilikuwa ajabu kubwa. Lakini mimi niliposoma nilikwama kwenye ile nusu nyingine. Ikiwa hata pale mtikisiko ulipopungua sana ulipungua kwa nusu, basi nusu ilibaki. Hiyo nusu iliyobaki ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya dereva wa lori. Ilikuwa ya mwanamke anayepiga deki wodi saa tisa usiku. Ilikuwa ya mchimba kaburi. Ilikuwa ya mtu wa mtambo wa maji, ambaye lau angebaki nyumbani kama tulivyobaki sisi, ile kampeni yote ya kunawa mikono ingeishia kwenye mabango. Dunia haikusimama, ndugu zangu. Wengine walikaa, wengine wakabeba.

Sasa turudi kwenye shukrani. Katika miezi ile watu walishukuru kuliko kawaida, hilo halina ubishi. Lakini walishukuru nini?

Nilikuwa na jirani mmoja, mzee mstaafu, mtu wa ibada. Kila jioni anafungulia taarifa ya habari asikilize idadi ya wagonjwa wapya na sehemu walikotoka. Ikimalizika kusomwa anashusha pumzi, anasema: «Ahsante Mungu, siyo huku kwetu.» Kila jioni. Binti yake ni muuguzi, na jioni moja alikuwa amesimama mlangoni, umbali ule tuliokuwa tunasimama, hajaingia ndani. Akamsikia. Akamwuliza kwa upole kabisa: «Baba, na huko kwa wenyewe, wamshukuru nani?»

Mzee hakujibu. Aliniambia mwenyewe kwamba hakujibu, na kwamba swali lile lilimkalia kichwani kwa muda mrefu.

Simcheki mzee yule. Kushukuru kwa kunusurika ni jambo la kibinadamu. Aliyeponyoka ajalini lazima atasema neno. Ninachosema ni kwamba shukrani ya aina hiyo haina mwenyewe hapa duniani. Inapanda juu, na waliotubeba wanabaki chini hawajaambiwa kitu. Shukrani ninayoitafuta leo ni ile yenye mwenyewe. Mtu ambaye ukimaliza kusema ahsante unaweza kwenda kugonga mlango wake.

Nianze na sabuni, kwa kuwa nimekwisha kuitaja.

Sekunde 20, tuliambiwa. Wengine tuliimba wimbo ili tusikose hesabu. Sababu ya sabuni kufanya kazi ni nyepesi kueleza: kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huvunja mafuta. Utando ukipasuka, kirusi kimekwisha. Kitu cha kawaida kama sabuni kinaua kitu kilichofunga viwanja vya ndege.

Lakini nani alitufundisha kwamba mkono usiooshwa unaweza kuua? Mmoja wa watu tunaodaiwa naye anaitwa Ignaz Semmelweis. Alikuwa daktari katika hospitali kuu ya Vienna, Austria. Wodi yake ya wazazi, iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ilikuwa inaua akina mama kwa homa ya uzazi kuliko wodi ya pili, ya wakunga. Wanawake walijua. Walilia wakiomba wasipelekwe wodi ya madaktari. Semmelweis akagundua kwamba madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Mwaka 1847 akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi Aprili mwaka ule walikufa wanawake 18 hivi katika kila 100 kwenye wodi ile. Mwezi Juni walikufa 2.

Mngedhani walimbeba mabegani? Hapana. Wakubwa wengi wa fani waliona ametukana heshima yao. Daktari, bwana mkubwa, aambiwe mikono yake michafu! Akapoteza nafasi yake Vienna, na mwaka 1865 alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema, na hapa punda walikuwa na shahada.

Kwa hiyo mwaka 2020, kila tulipojipaka povu mpaka kwenye viwiko, tulikuwa tunatumia mali ya mtu aliyekufa bila kulipwa. Na kabla hatujajisifu kwa mikono yetu misafi, tukumbuke kwamba mwaka uleule, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watu 3 hivi katika kila 10 duniani hawakuwa na maji na sabuni ya kunawia nyumbani kwao. Waliambiwa wanawe. Kwa kitu gani? Kwa kipi chao?

Hilo la sabuni naliacha hapo, kwa sababu kuna jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni hili: unamshukuruje mtu kwa kitu ambacho hakikutokea?

Nitawapeleka mbali kidogo. Katika milima ya Derbyshire, Uingereza, kuna kijiji kinaitwa Eyam. Mwaka 1665 London ilikuwa inateketea kwa tauni. Masimulizi yanasema mshona nguo wa Eyam aliletewa bunda la kitambaa kutoka London, na ndani ya kitambaa mlikuwa na viroboto. Mwezi Septemba msaidizi wake akafa. Kisha mwingine. Kisha nyumba ya jirani. Baridi ikapunguza vifo kidogo, watu wakaanza kupumua, na majira ya joto ya 1666 yalipoingia kifo kikarudi kwa nguvu.

Sasa fikirini mngekuwa ninyi. Una miguu, una ndugu mji wa pili, mtoto wako bado mzima. Unafanya nini? Unakimbia. Nani hangekimbia?

Kasisi wa kijiji, William Mompesson, alikuwa kijana na mgeni, watu hawakumzoea. Kasisi wa zamani, Thomas Stanley, alikuwa ameondolewa katika nafasi hiyohiyo kwa sababu za kidini, na bado wengi walimpenda yeye. Watu wawili ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja. Wakakaa. Mwezi Juni 1666 wakasimama pamoja mbele ya wanakijiji, wakakubaliana: hakuna atakayetoka, hakuna atakayeingia. Ibada itafanyika nje, bondeni, kila familia na nafasi yake. Kila nyumba itazika wafu wake yenyewe.

Kulikuwa na jiwe la mpakani lenye matundu. Watu wa vijiji vya jirani walileta chakula wakakiacha pale na kuondoka. Watu wa Eyam walitumbukiza sarafu za malipo kwenye matundu yaliyojazwa siki, wakiamini siki inaua ugonjwa, nao wakarudi ndani. Anayeleta hamwoni anayepokea.

Walikufa takriban watu 260. Mwanamke mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita katika muda wa siku nane, mwezi Agosti. Alizika kwa mikono yake, maana hapakuwa na wa kumsaidia. Mke wa Mompesson, Catherine, naye akafa mwezi huohuo. Mwezi Novemba tauni ikaisha.

Wanahistoria wanabishana kama kila mtu alikubali kwa hiari, na mimi nadhani wako waliolazimika, wako waliotamani kutoroka kila usiku. Hainisumbui. Wema wa binadamu mara nyingi huwa hivyo, nusu umependa, nusu umesukumwa. Swali langu ni hili: wale watu wa vijiji vya pembeni ambao tauni haikuwafikia, walijuaje nani ameokoka? Hakuna aliyeweza kujinyooshea kidole na kusema, «Mimi ningekuwa nimekufa, watoto wa Elizabeth Hancock wamenifia.» Hakuna aliyejua. Waliendelea kulima na kuoa.

Na sisi je? Kuna kijana ambaye hakwenda harusi ya rafiki yake kwa sababu koo lilikuwa linamwasha. Kuna bibi aliyekataa wajukuu wasije, akalia peke yake chumbani. Kuna mtu aliyevaa barakoa ndani ya basi wenzake wakimcheka. Katika hao, mmoja alikata mnyororo ambao mwisho wake ulikuwa mama yako. Ni yupi? Hutajua. Mwenyewe hajui. Labda amekaa humu ndani, anajiona hakufanya chochote katika janga lile zaidi ya kukaa kwenye kochi na kunenepa.

Hapa mtanikamata, mtasema: wewe si umesema shukrani ina mwenyewe, mbona huyu hana jina? Mmenikamata kwa haki. Jibu langu ni kwamba wapo wasio na jina kwa kuwa haiwezekani kuwajua, na wapo wasio na jina kwa kuwa hatujauliza. Wa kwanza tunawalipa kwa kumfanyia mwingine, hakuna njia nyingine. Wa pili ndio wanaonitia aibu.

Nakuja sasa kwenye makofi.

Mnayakumbuka makofi? Italia watu waliimba kwenye roshani zao. Hispania walipiga makofi usiku. Uingereza walianza tarehe 26 Machi 2020: kila Alhamisi, saa mbili usiku, watu walitoka milangoni wakapiga makofi, sufuria na filimbi kwa ajili ya wahudumu wa afya. Yaliendelea wiki 10. Nchi nyingi nyingine zilifanya vivyo hivyo. Na nisiwe mchoyo, yalikuwa na uzuri wake. Kuna wauguzi waliosema walilia waliposikia. Kuna majirani waliojuana majina kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Alhamisi zile.

Lakini subirini. Mwezi Machi 2021, mwaka mmoja baadaye, serikali ileile iliyokuwa imesimama mlangoni ikipiga makofi ilipendekeza wauguzi wa huduma ya afya ya Uingereza waongezewe mshahara. Kwa kiasi gani? Asilimia 1. Asilimia moja! Kelele zikapigwa, na Julai ikatangazwa 3. Nauliza bila ubaya: makofi yale yalikuwa shukrani, au yalikuwa burudani yetu sisi tuliochoka kukaa ndani?

Nadhani yalikuwa vyote viwili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Shukrani hutufurahisha sisi wenyewe tunaoitoa. Unapiga makofi, moyo unakuwa mkunjufu, unarudi ndani unalala. Muuguzi anarudi zamu, barakoa ileile aliyoivaa jana, kwa kuwa nyingine hakuna. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa ugonjwa huu. Tofauti ya namba hizo mbili ni 100,000. Yaani hatukuweza hata kuwahesabu vizuri! Unampigia mtu makofi wiki 10, akifa hujui kama umhesabu.

Na kuna wengine hawakupigiwa hata kofi moja. Msafishaji wa hospitali hakutajwa. Mlinzi wa getini, aliyekuwa wa kwanza kukutana na kila mgonjwa, na kipimajoto kimoja mkononi, hakutajwa. Tukawaita wafanyakazi muhimu. Muhimu! Jina zuri, mshahara uleule.

Nataka niwape mfano wa shukrani ya namna nyingine, tena kutoka mahali ambapo kushukuru hadharani kulihitaji ujasiri. Tarehe 30 Desemba 2019, daktari wa macho mjini Wuhan, China, Li Wenliang, aliwaandikia madaktari wenzake kuwatahadharisha juu ya ugonjwa uliokuwa umeanza kuonekana hospitalini. Siku chache baadaye polisi walimwita, wakamtaka atie saini karatasi ya onyo kwamba amesema maneno yasiyo ya kweli. Akarudi kazini. Akaambukizwa. Tarehe 7 Februari 2020 akafa.

Alikuwa ameacha ujumbe wake wa mwisho mtandaoni, wa tarehe 1 Februari, akieleza kwamba kipimo kimeonyesha ameambukizwa. Chini ya ujumbe ule watu wakaanza kumwandikia. Mmoja anamsalimu. Mwingine anamwambia leo hali ya hewa ni nzuri. Mwingine amefaulu mtihani, mwingine ameachwa na mchumba, mwingine hana la kusema, anamtakia usiku mwema. Maneno yakapita milioni, na miaka ilipopita waliendelea kuandika. Hawakumwita shujaa kila siku. Walimpa habari za maisha yao ya kawaida, yale maisha ambayo yeye alitaka yasikatike. Mimi katika shukrani zote za janga lile sijaona iliyonigusa kama hiyo, na wala sina uhakika naweza kueleza vizuri kwa nini.

Ndugu zangu, nikisema shukrani, kuna mtu humu ndani ananitazama kwa jicho baya, na ana haki yake. Anasema: mwenzangu, mwaka 2020 mimi nilifukuzwa kazi. Mimi nilizika. Mimi nilifungiwa nyumba moja na mtu anayenipiga. Nishukuru nini?

Usishukuru. Nasema mbele ya wote, na wazee wa dini mnisamehe: usishukuru kwa kulazimishwa na mtu aliyeshiba. Mwishoni mwa Aprili 2020 Shirika la Kazi Duniani lilisema kwamba watu karibu bilioni 1.6 wanaoishi kwa kazi zisizo rasmi, yaani leo kwa leo, walikuwa wamepigwa vibaya na hatua zile. Kwa mtu huyo, «kaa nyumbani» ilimaanisha kaa na njaa. Mwanzoni mwa mwezi huohuo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba hadharani pawe na amani majumbani, kwa kuwa wanawake na wasichana wengi walikuwa hatarini mahali palepale palipopaswa kuwa salama. Sasa kumwambia mtu wa namna hiyo «hesabu baraka zako» ni kumziba mdomo kwa kitambaa kizuri. Shukrani ni deni la aliyepokea. Ambaye hakupokea kitu hadaiwi.

Tena mara nyingine huyo ndiye anayetudai.

Nimalizie na jambo la vitendo, maana naona mwenyekiti anatazama saa.

Watafiti wa saikolojia wameichunguza shukrani kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti: kundi moja liliandika kila wiki mambo ya kushukuru, kundi lingine kero, lingine mambo ya kawaida tu, kwa wiki 10. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Ndiyo maana siku hizi kila duka la vitabu linauza daftari la shukrani. Sawa, lina faida. Lakini ni shukrani inayobaki chini ya mto wa kulalia.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu kitu kingine. Waliwapa watu wiki moja waandike barua kwa mtu aliyewahi kuwatendea wema na hawakuwahi kumshukuru vizuri, kisha waipeleke wenyewe, kwa mkono. Katika mazoezi yote waliyoyapima, hilo ndilo lililoinua furaha ya aliyelifanya kwa kiwango kikubwa zaidi, na nafuu yake ilidumu mwezi mmoja. Baada ya hapo ikapungua. Wengine husoma hapo wakasema, aa, kumbe haidumu. Mimi nasoma nasema: basi andika nyingine, kwani waliokutendea wema ni mmoja?

Mtu atanijibu kwa methali: tenda wema nenda zako. Ni kweli, lakini methali ile anaambiwa mtendaji. Yeye ndiye aende zake, asingoje malipo. Aliyetendewa hajapewa ruhusa ya kukaa kimya.

Na ukikosa wa kumwandikia, nitakupa. Machi 16, 2020, siku tano tu baada ya lile tangazo la janga, mtu wa kwanza alichomwa sindano ya majaribio ya chanjo mjini Seattle, Marekani. Jaribio lile lilihitaji watu wazima 45 wenye afya njema, wasioumwa chochote. Walikubali kuingiziwa mwilini kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kuingiziwa, wakati sisi wengine tulikuwa tunaogopa kugusa kitasa cha mlango. Ukipata chanjo yoyote ya korona, au aliyekuzaa akiipata, ujue wengine walitangulia kutoa mkono.

Basi nimeomba kwa mwenyekiti, naye amekubali, kwamba muda wangu uliobaki niugawe. Kipaza sauti nitakitoa hapa mbele. Kila aliye tayari atakuja ataje jina la mtu mmoja aliyembeba katika miezi ile. Mmoja tu, na neno moja la alichomfanyia. Kama ni mwalimu aliyemfundisha mwanao kwa simu, mtaje. Kama ni yule dada wa maabara, mtaje. Kama ni mtu mliyegombana naye baadaye na hamsalimiani mpaka leo, huyo ndiye mtaje kwanza. Katibu ataandika majina yote, na yeyote anayejua namba ya simu ya aliyetajwa abaki baada ya kikao, tutapiga hapahapa, sauti wazi, jioni hii. Kama hatapokea, tutampigia kesho.

Hotuba sina tena. Mama wa pale mwenye kitambaa cha bluu, nimeona umeinua mkono kabla sijamaliza kusema. Karibu, njoo mbele. Anaitwa nani?